Bati Linapiga

Kwa kina mume wangu wanasema Yotham alikufa kwa ajali ya umeme. Polisi nao waliandika hivyo kwenye karatasi yao: ajali. Mwanangu Restuta ana miaka minne, akikua atasikia hivyo hivyo. Waliokuwepo siku ile tulikuwa watatu tu, na mmoja wetu ni mimi. Naandika ilivyokuwa kabla mimi mwenyewe sijaanza kusema ajali.

Tulihamia Makole, Dodoma mjini, mwezi wa saba, wakati wa vumbi na baridi. Yotham alikuwa ameacha kazi za msimu kwenye mizabibu ya Makutupora, akapata kazi ya kutunza bustani katika ofisi moja mjini, tukataka mahali ambapo angeweza kwenda kazini kwa miguu. Dalali alitupeleka kwenye nyumba moja yenye geti la kijani. Mbele ilikuwa nyumba kubwa ya mwenye nyumba, Mzee Methusela, mgane, mstaafu. Nyuma kulikuwa na vyumba vinne vya kupangisha. Viwili alikaa Hamida, mama wa Kirangi anayeuza vitenge sokoni. Viwili vikawa vyetu. Katikati ya uani kulikuwa na bafu tulilotumia wote wa nyuma. Lilijengwa kwa tofali mpaka usawa wa kifua, kuanzia hapo likamaliziwa kwa bati, na mlango wake ulikuwa wa bati. Waya wa umeme ulitoka nyumba kubwa, ukapita juu ya bati hilo ukiwa umelala tu, ukaja vyumbani kwetu.

Siku ya kwanza dalali alikuwa na karatasi za mkataba mkononi. Mzee Methusela hakuziangalia. Alimuuliza Yotham ni mtu wa wapi. Yotham akasema Hombolo. Mgogo? Mgogo. Na mke? Naye Mgogo. Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Yeye alikuwa Mhehe wa Iringa, na Wahehe na Wagogo ni watani tangu kwa mababu: Mhehe hutaniwa kwamba anakula mbwa, Mgogo kwamba ni ombaomba.

"Rudisha karatasi zako," alimwambia dalali. "Mtani haandikishani na mtani. Huyu nikimtaka nje namtoa kwa fimbo, na mbwa wangu akipotea nitajua nimemla mwenyewe."

Yotham alifurahi sana siku ile. Alikuwa mtu mpole, asiye na maneno mbele ya wakubwa. Kazini kwake hakuthubutu hata kuomba ruhusa ya kwenda kliniki. Lakini kwa mtani hakuna mkubwa. Kila asubuhi alimsalimia mzee kwa Kihehe, "Kamwene," mzee akamjibu kwa Kigogo, "Mbukwa," kisha wakaanza. Yotham angemuuliza kama amekula jana au amelala na njaa kwa sababu mbwa wa mtaani wameadimika. Mzee angemuuliza leo amepangiwa kuomba barabara ipi. Hamida alikuwa akitoka na ndoo yake anasimama kusikiliza. Mimi pia. Mzee aliniita mchumba wake, akasema siku Yotham akifa atanirithi pamoja na mbuzi. Nilicheka kama wenzangu. Tuliishi miezi mitano hivyo, na sitasema kwamba haikuwa miezi mizuri.

Mwezi wa kumi na mbili mvua zikaanza. Siku ya pili ya mvua nilikwenda kuoga, nikashika mlango wa bafu kuufunga, mkono ukashtuka mpaka kwenye kiwiko, kama mtu amenigonga mfupa. Nilidhani ni mkono wangu. Jioni Hamida akaja akaniuliza polepole, kama anayeuliza jambo la aibu, kama mimi nilisikia kitu bafuni. Tulikwenda wote wawili kutazama. Pale waya ulipopita kwenye ukingo wa bati, upepo wa miaka ulikuwa umeusugua na plastiki yake imechanika. Kukiwa kukavu haukuwa na neno. Bati likilowa, linapiga.

Nilimwambia Yotham. Asubuhi yake akamwambia mzee. Nakumbuka maneno yake kwa sababu tulikuwa wote uani.

"Wewe Mhehe, unataka kuniua kwa umeme unirithi mke? Bati la bafu linapiga."

"Umeme wangu unachagua," mzee akasema. "Ukisikia harufu ya maziwa mgando unajua huyu ni Mgogo, unaruka."

Tulicheka. Mzee akaenda zake kwenye ibada, Yotham akaenda kazini, na bati likabaki vile vile.

Usiku nilimwambia mume wangu kwamba jambo lile halikuwa la utani. Nilimwambia aende kwa mzee kwa adabu, atoe shikamoo, akae kwenye kiti, aseme kama mpangaji anavyosema na mwenye nyumba. Alikataa. Alisema mtu akimwendea mtani wake kwa uso mkavu ni sawa na kumtangazia ugomvi, na mzee ataumia. Alisema pia kwamba ujumbe umefika, kwamba mzee si mjinga, kwamba watani huambiana ukweli ndani ya mzaha na kila mmoja akifika kwake huokota wake. Ndivyo alivyolelewa. Baba yake alikuwa akisuluhisha mambo makubwa kuliko waya kwa njia hiyo hiyo.

Baada ya wiki alimwambia tena. Mzee akajibu kwamba nyumba hii aliifunga umeme kwa mikono yake mwenyewe, yeye na mpwa wake, mwaka ambao Yotham alikuwa bado anachunga ndama akiwa uchi, na tangu hapo haijaua hata panya. Isitoshe, alisema, mvua yenyewe Dodoma inanyesha siku ngapi? Subirini, itakauka.

Hapo alisema kweli. Dodoma mvua haikai. Siku tatu za jua na bati lilikuwa bati tu. Tukasahau. Ikinyesha, tukakumbuka.

Mara ya tatu Yotham alimleta fundi, Iddy, kijana wa mtaa wa pili anayefunga umeme kwenye majumba mapya ya huku Dodoma. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mvua imenyesha alfajiri na jua limeshatoka. Iddy aligusa bati kwa testa na taa yake ikawaka. Akatuonyesha sote. Akasema waya mzima ubadilishwe, upitishwe kwenye bomba, na kwenye swichi kubwa kifungwe kifaa cha kukata umeme wenyewe ukipata hitilafu. Kazi ya nusu siku. Lakini mita na swichi kubwa vilikuwa ukumbini kwa mzee, na hawezi kugusa umeme wa mtu bila mwenyewe kuridhia. Aitwe.

Mzee alitoka akiwa na kikombe cha chai. Iddy alimwamkia, akamweleza vizuri kabisa, kama nilivyotaka Yotham aeleze. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka akamtazama Yotham, akatabasamu.

"Mtani umenikodishia fundi? Umeona utani wako umeisha nguvu, unanunua wa watu."

Akampa Hamida kikombe amshikie, akaenda mpaka kwenye bafu, akaweka kiganja chote kwenye bati. Hakuna kilichotokea. Akaweka na cha pili. Akaanza kucheza hapo hapo, mzee wa miaka sabini, mikono kwenye bati, kiuno kinakwenda. Hamida aliinama kwa kicheko, chai ikamwagika.

Iddy peke yake hakucheka. Akasema, "Mzee, umevaa ndala za mpira."

"Basi wapangaji wangu wavae ndala," mzee akasema. "Au Wagogo bado wanatembea peku?"

Iddy alikunja vifaa vyake. Akiwa getini aliniambia, "Mama, mimi nimesema." Nilimjibu kwamba nimesikia. Tangu siku ile hakuna aliyeingia bafuni bila ndala. Nilimnunulia Restuta zake ndogo za bluu, na mara nyingi nilimwogeshea chumbani, kwenye beseni.

Siku mbili baadaye nilikwenda mwenyewe. Nilijifunga kitenge kizuri, nikabisha hodi kwa mzee, nikapiga goti kidogo, nikasema shikamoo. Tangu tuhamie sikuwahi kumpa shikamoo. Alishtuka, akaitikia marahaba, akanipa kiti. Nilimwambia kwamba bati linapiga, kwamba nina mtoto mdogo, kwamba naomba aruhusu fundi aingie. Uso wake ulikuwa wa mzee yeyote anayefikiri, na kwa muda mfupi nilijua nimefika.

Kisha uso ukafunguka.

"Amekutuma mtani wangu," akasema. "Mwambie ameishiwa. Mwanamume akishindwa utani anamtuma mke na shikamoo?"

Nilipaswa kusema sikutumwa. Nilipaswa kukaa kwenye kiti kile mpaka achoke kunitazama. Badala yake nilicheka. Sikuwa na furaha. Nilicheka kwa adabu, kwa sababu mkubwa amefanya mzaha na amesubiri, nami nikaondoka. Yotham aliposikia kwamba nimekwenda alikasirika, jambo ambalo hakulizoea. Alisema nimemfanya aonekane ameshindwa.

Ilikuwa Jumanne, mwisho wa mwezi wa kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, nyembamba, isiyo na upepo. Yotham aliingia bafuni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na ndoo yake. Alivaa ndala, nilimwona akizivaa. Nadhani alivua moja ili asugue kisigino kwa jiwe, kwa sababu baadaye niliikuta ukutani imesimama, safi, na jiwe liko juu ya sakafu. Mtu akisimama kwa mguu mmoja hushika kilicho karibu.

Nilisikia ndoo ikianguka. Nilikwenda nikamwita. Kupitia upenyo wa mlango nilimwona ameegemea bati, mkono umekunjika, meno yameumana, anatetemeka kidogo kidogo bila sauti. Nilinyoosha mkono kumvuta. Hamida alinikamata kanga kwa nyuma akanitupa kwenye tope. "Usimguse! Na wewe utanasa." Akakimbia kwenye mlango wa mzee akaanza kuupiga kwa viganja vyote viwili.

"Baba, zima umeme! Yotham amenaswa! Yotham anakufa, zima umeme!"

Nikiwa bado chini, nilisikia sauti ya mzee kutoka ndani, ya mtu aliye kitandani, imejaa usingizi na kicheko.

"Mtani wangu leo ameanza mapema. Mwambie afe, nitamzika."

Hamida aliendelea kupiga. Sijui ilichukua muda gani. Yeye anasema si mrefu. Mimi nilikuwa nikimtazama Yotham, na kwangu ulikuwa mrefu. Mwishowe nadhani ni kilio cha Hamida kilichomfikia, maana watani hawalii. Tulisikia kitanda, miguu, ufunguo, kisha swichi ikalia ta, na Yotham akaachia bati akaanguka upande.

Tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Mzee alikuja nasi, shuka begani, miguu peku. Daktari alimtazama Yotham kwa muda mfupi tu.

Polisi walikuja wakauliza, wakaandika. Sila, kaka yake Yotham, ndiye aliyezungumza nao kwa niaba ya ukoo. Nilimwambia Sila yote: waya, fundi, ndala, sauti ile ya kitandani. Alinisikiliza huku akitazama chini. Alisema ni kweli inauma, lakini mtani hashtakiwi. Toka lini? Tukienda kumshtaki mtani kwa neno la utani tutachekwa Hombolo nzima, na marehemu naye atakuwa ameaibishwa.

Tulimzika Hombolo, upande wa bwawa, siku ya Alhamisi. Watu walikuwa wengi. Katekista alipomaliza na jeneza kubebwa, wale wa mbele wakasimama ghafla. Mzee Methusela alikuwa amelala chali, kukatiza njia ya kaburini. Alikuwa na Wahehe wenzake wawili. Alijipaka majivu usoni, akavaa kofia ya majani kama ile aliyovaa Yotham bustanini, na jembe kifuani. Hiyo ni kazi ya mtani. Mtani hulala njiani, huigiza marehemu, huwachekesha wafiwa mpaka walie vizuri, kisha mfiwa humtupia sarafu naye hupisha. Sarafu ikishaanguka, mambo yote kati ya nyumba hizo mbili yamekwisha. Asiyejua hilo kwetu ni mgeni.

"Mgogo huyu hapiti," mzee alisema akiwa chini, sauti imekwaruza. "Hajaniaga. Ameondoka kwangu asubuhi bila hata kamwene. Hapiti mpaka mchumba wangu anilipe."

Watu walicheka kile kicheko cha msibani, chenye machozi. Niliona kwamba yeye pia analia, majivu yameloa na kuchuruzika masikioni. Sitamnyima hilo. Alikuwa analia kweli. Lakini alikuwa analia ndani ya mchezo, na mchezo ulikuwa na mlango wa kutokea, na mlango huo nilikuwa mimi.

Sila alinitia sarafu mkononi. Nilisogea mpaka aliposimama mbeba jeneza wa mbele. Nilikuwa najua watu wote wananingoja.

"Baba," nilisema, "mimi leo sikutanii. Inuka ukae."

Alifungua macho. Kicheko kilikatika kuanzia mbele kwenda nyuma. Alijiinua taratibu akakaa kwenye udongo, jembe likaanguka.

"Yotham alikwambia mara ngapi kwamba bati linapiga?"

"Mama, hapa si mahali pake."

"Mara ngapi?"

Aliwatazama wenzake. Wakatazama pembeni. "Mara mbili," akasema. "Na ile ya fundi. Na wewe ulipokuja."

"Asubuhi ile Hamida alipogonga, ulijibu nini?"

Nilingoja. Waliobeba jeneza walianza kubadilishana mabega kwa sababu ya uzito, na mama mkwe wangu akaniita kwa jina mara mbili, kwa sauti ya kukanya. Mzee alifungua mdomo, na nikaona kwamba hata wakati ule alikuwa akitafuta neno la kuchekesha, kwa sababu hakuwa na lugha nyingine ya kusemea nasi, na hakulipata.

"Nilidhani ni utani," alisema.

"Ulisema mwambie afe."

Sila alinishika mkono, akakitoa kile kisarafu kwenye vidole vyangu, akakitupa mwenyewe kwenye mapaja ya mzee. Watu wakapumua. Mzee akapisha, jeneza likapita. Kwa desturi ilikwisha pale. Mama mkwe hakuniambia neno mpaka tulipoanua matanga, na alipolisema lilikuwa kwamba hakuna mwanamke katika ukoo wao aliyewahi kumkaripia mtani juu ya maiti. Mpaka leo nikipita kwao wananipa kiti, wananipa maji, na mazungumzo yanapungua. Mzee Methusela wanamsalimia kwa simu.

Baada ya arobaini nilirudi Makole kuchukua vyombo. Mlango wa bafu ulikuwa mpya, wa mbao. Waya haukuwepo juu ya bati. Ulikuwa umepitishwa ndani ya bomba jeupe, ukutani, umebanwa vizuri kila hatua. Hamida aliniambia Iddy alikuja siku ya pili baada ya mazishi, akaanza baada ya chai na kumaliza kabla ya adhuhuri. Mzee alishinda amesimama hapo anamshikia ngazi. Tangu hapo, alisema, mzee hatanii mtu. Akisalimiwa anaitikia, basi. Aliniambia hayo kama anayeniletea habari njema.

Sikuonana na mzee. Pazia la ukumbini lilitikisika nilipokuwa nafunga magodoro, na mimi sikubisha hodi.

Kabla sijamaliza, yule yule dalali akaja na wapangaji wapya, mume na mke, vijana, wamehamishiwa kikazi kutoka Tabora. Mke alikuwa mjamzito. Mume alipima chumba kwa hatua. Mke alikwenda mpaka bafuni, akafungua, akafunga, akarudi akanisogelea kwa sauti ya chini ili dalali asisikie.

"Dada, wewe umekaa hapa. Tuambie ukweli. Maji? Umeme? Hakuna shida?"

Nilimtazama tumbo. Nilikuwa na mengi. Lakini aliniuliza juu ya nyumba, na nyumba sasa ilikuwa nzima.

"Umeme hauna shida," nilimwambia.

Alishukuru. Alimwita mumewe kwa mkono, akamwambia wachukue, nao wakaanza kuniuliza nitaondoka saa ngapi.